Kumsinzisha mgonjwa chumba cha dharura: dawa ipi, kwa nani, kwa kazi gani

Madaktari wapya wakiripoti kwenye kitengo chetu cha dharura huwa wameshakariri dawa na dozi zake. Nikimwuliza mmoja, "Huyu kijana wa bodaboda bega limeteguka, tumpe nini?" ananijibu papo hapo: ketamini. Jibu lenyewe si baya. Ila ningependa kabla ya kutaja dawa aniambie mambo matatu: kazi itachukua dakika ngapi na inauma kiasi gani, mwili wa huyu mgonjwa ukoje, na akiacha kupumua ni nani humu ndani atakayempumulia na kwa kifaa gani. Ukiwa na majibu hayo, dawa inakuwa imeshajichagua.

Ninamwandikia daktari, tabibu au muuguzi wa hospitali kama yetu: ya mkoa, kando ya barabara kuu ya malori, mtaalamu wa usingizi ni mmoja kwa zamu na mara nyingi yuko tiata na mama anayepasuliwa. Kabatini ketamini haikosekani. Diazepamu ya kutuliza ipo, midazolamu ya jamii hiyo inakuja na kupotea, propofoli tunaazima tiata, mofini na pethidini, dawa kali za maumivu, zipo kwenye kabati la kufuli, fentanili ya jamii hiyo ni ya bahati. Dozi nitakazozitaja ni zile ninazoanzia mimi, na mwongozo wa hospitali yako ndio wa kufuata. Na kama hujawahi kumpumulia mtu kwa mfuko wa Ambu kifua kikapanda ukakiona, nenda kajifunze hilo tiata kwanza kabla hujagusa dawa hata moja kati ya hizi.

Je, usingizi unahitajika kweli?

Usingizi mwingi ninaoukuta umetolewa ungeweza kuepukwa kwa ganzi iliyopigwa vizuri. Mama mtu mzima aliyeanguka akavunjika kifundo cha mkono, mfupa umepinda, ana presha na umri umekwenda: huyo simsinzishi. Nasafisha ngozi kwa umakini uleule wa tiata, naingiza sindano kwa upande wa mgongo wa mkono mpaka kwenye ufa wa mfupa, navuta kidogo. Damu nyeusi ikiingia kwenye bomba najua niko penyewe. Namimina lignokeini, dawa ya ganzi, ya asilimia 1, mililita 10, polepole, kisha nasubiri dakika 10 nikiandaa maji na bandeji za kufungia hogo. Kusubiri ndiko kunakowashinda wengi. Wanachoma, wanavuta mfupa palepale, mgonjwa anapiga kelele, halafu wanasema ganzi haikushika.

Bega nalo lina ganzi yake. Kichwa cha mfupa kikitoka kwenye tundu huacha shimo unaloliona kwa jicho chini ya ncha ya bega. Sindano iingie hapo kwa ubavuni, mililita 20 za lignokeini ya asilimia 1, subiri dakika 15. Kwa lignokeini isiyo na adrenalini sizidishi miligramu 4 kwa kila kilo ya mgonjwa, na kila mililita ya asilimia 1 ina miligramu 10, kwa hiyo mililita 20 zinamtosha mtu wa kilo 50 na huo ndio mwisho wake. Kijana mwembamba, aliyelegea, anayekusikiliza, bega lake linarudi hivyo bila tone la dawa ya usingizi. Mbeba mizigo mwenye misuli iliyokaza ambaye bega limetoka tangu asubuhi, huyo nampangia usingizi.

Jipu ni habari nyingine. Ganzi haifanyi kazi vizuri palipo na usaha, kwa sababu mazingira ya pale ni ya asidi. Jipu kubwa la paja au la nyonga kwa mtoto lipasuliwe akiwa amesinzia, msimshike kwa nguvu watu watatu.

Kabla ya dawa yoyote

Watu wawili ndio kiwango cha chini: mmoja wa kufanya kazi, mwingine wa kumwangalia mgonjwa tu. Huyu wa pili hashiki mguu, hapitishi uzi, hajibu simu. Kama zamu ina mtu mmoja, kazi inasubiri.

Kichwani pa kitanda weka oksijeni, mashine ya kufyonza iliyokwisha kuwashwa ukasikia inavuta, mfuko wa Ambu wenye barakoa inayokaa kwenye uso wa huyu mgonjwa (barakoa ya mtu mzima haimsaidii mtoto wa miaka miwili), kipima oksijeni kidoleni, presha ikipimwa kila baada ya dakika 5. Mashine ya kutengeneza oksijeni inazima umeme ukikatika, kwa hiyo mtungi uwe pale pale na uwe umefunguliwa ukaona mshale wa geji unakaa wapi.

Kuna jambo moja kuhusu kile kipima oksijeni cha kidoleni ambalo natamani liwaingie wote. Mgonjwa anayevuta oksijeni anaweza kuwa ameacha kupumua kwa dakika nzima au zaidi na namba bado inasoma 99. Oksijeni iliyojaa kwenye mapafu ndiyo inayoishikilia. Namba ikianza kushuka umeshachelewa. Ndiyo maana yule mtu wa pili anaangalia kifua na tumbo, anaweka kiganja mbele ya pua, anasikiliza koromo. Kama hospitali yako ina kifaa cha kupima kaboni dayoksaidi anayoitoa mgonjwa, kitumie kila mara, maana hicho kinakwambia mapema.

Na chakula? Mgonjwa wa dharura hakujipanga kuja, amekula ugali saa moja iliyopita. Chama cha madaktari wa dharura cha Marekani, ACEP, mwaka 2014 kilitoa msimamo kwamba kazi ya dharura isicheleweshwe kwa sababu tu ya muda aliokula mgonjwa, na mimi nafuata hivyo kwa mguu uliokosa mapigo ya damu au bega linaloumiza. Kwa jipu linaloweza kusubiri hadi mchana, na mgonjwa amelewa na tumbo limejaa, nasubiri.

Mkague kinywa na shingo pia. Taya dogo, shingo fupi nene, mtu anayekoroma mpaka anakatika pumzi usiku, mjamzito wa miezi mingi, mwenye moyo ulioshindwa, mtoto wa chini ya miezi mitatu: hao wote mwite mtaalamu wa usingizi hata kama itabidi umsubiri.

Ketamini

Hii ndiyo dawa yangu ya kwanza kwa kazi nyingi, na sababu ni ya wazi. Inaondoa maumivu na fahamu kwa pamoja, mgonjwa anaendelea kupumua mwenyewe, na kwa kawaida presha haiporomoki. Ilitengenezwa Marekani mwaka 1962, ikaanza kujaribiwa kwa binadamu mwaka 1964, na Shirika la Afya Duniani limeiweka kwenye orodha ya dawa muhimu tangu 1985. Hospitali ambazo hazina mashine ya usingizi zimepasua watu kwa miaka mingi kwa kuitegemea hiyo.

Sasa tazama kichupa chenyewe kwa makini, maana hapa ndipo watu wanaumia. Kile tunachopata sisi kwa kawaida ni cha mililita 10, na kila mililita ina miligramu 50, yaani kichupa kizima ni miligramu 500. Vipo pia vya miligramu 10 kwa mililita. Vinafanana. Mimi navuta mililita 2 za kile kikali, ambazo ni miligramu 100, naongeza maji ya dripu ya chumvi mpaka mililita 10. Sasa kila mililita ni miligramu 10. Nabandika kipande cha plasta ya gundi kwenye bomba na kuandika kwa kalamu: KETAMINI 10 mg/ml. Bomba lisilo na maandishi natupa, hata kama aliyelivuta anaapa anajua ni nini.

Mtu mzima wa kilo 60: miligramu 1 kwa kilo ni miligramu 60, mililita 6 za bomba hilo, ndani ya dakika nzima kwa saa ya ukutani. Ukiisukuma kwa sekunde tano anaweza kuacha kupumua kwa muda, jambo ambalo ketamini ikitolewa taratibu hulioni mara nyingi. Mtoto anahitaji zaidi kidogo, miligramu 1.5 kwa kilo. Mtoto wa kilo 12 aliyemwagikiwa na uji, anayehitaji kusafishwa kidonda, anapata miligramu 18, mililita 1.8. Kama mishipa imegoma, nachoma msuli wa paja miligramu 4 kwa kilo, na hapo natumia dawa kali isiyochanganywa: miligramu 48, karibu mililita 1. Kwa mshipa anasinzia ndani ya dakika moja, na una kama dakika 10 hadi 20 za kazi. Kwa msuli subiri dakika 3 hadi 5, na ujue atachelewa kuamka na atatapika zaidi kuliko wa mshipa.

Ketamini haina nusu. Dozi ndogo sana, miligramu 0.1 hadi 0.3 kwa kilo, ikiingia taratibu kwa dakika 15 kwenye dripu, ni dawa nzuri ya maumivu na mgonjwa anaongea nawe. Dozi kamili inamtenga kabisa na kinachoendelea. Katikati ya hapo kuna eneo baya, anaona mambo, anahangaika, anapigana nanyi. Daktari anayeogopa akatoa nusu dozi ili awe salama anamtupa mgonjwa katikati ya eneo hilo hilo. Toa dozi kamili, na kazi ikirefuka ongeza miligramu 0.5 kwa kilo.

Mzazi aelezwe mapema. Mtoto aliyepata ketamini hafumbi macho. Yako wazi na yanachezacheza kushoto na kulia, mkono unaweza kujikunja wenyewe, mate yanamtoka. Mama asiyejua ataamini mwanawe anakufa mbele yake. Mimi humwambia hivi: "Mama, macho yatabaki wazi lakini yeye hayupo, hasikii uchungu. Kaa hapa kichwani, akianza kurudi asikie sauti yako kwanza." Mtu mzima naye huandaliwa. Namwuliza kwao ni wapi, tunaongea habari za kwao, za shamba, za ziwani, za watoto, na dawa inaingia tukiwa tunaongea hayo. Anayeingia usingizini akiwa na hofu huamka na hofu. Chumba kiwe kimya wakati wa kuamka, na akiamka anapiga kelele, midazolamu miligramu 1 au 2 taratibu inamtuliza.

Hatari inayoogopesha zaidi ni zoloto, lile lango la hewa kooni, kujifunga. Si jambo la kila siku, kwa watoto ni takriban 3 katika kila 1,000, lakini lazima ulijue kabla halijatokea. Unaona kifua kinavutika kwa ndani, tumbo linapanda, na hewa haipiti, au unasikia mlio mwembamba kooni. Acha kazi. Safisha mate. Sukuma taya mbele kwa vidole viwili vilivyowekwa nyuma ya ndewe za masikio, juu kabisa ya pembe ya taya, ubonyeze kwa nguvu. Bana barakoa vizuri, oksijeni kwa wingi, ukandamize mfuko kwa msukumo wa upole usiokatika. Wengi wanafunguka hapo. Akikataa, ni kumwongezea usingizi kwa propofoli kidogo, au suksamethoni, dawa ya kulegeza misuli yote, kwa anayejua kupitisha mpira wa hewa kooni, na aliyepaswa kuitwa awe ameshaitwa. Mtoto mwenye mafua mazito na homa yuko karibu zaidi na tatizo hili. Kidonda kikiweza kungoja, kingoje.

Simpi ketamini mwenye historia ya skizofrenia, ule ugonjwa wa akili wa kuona na kusikia yasiyokuwepo, wala mzee mwenye moyo wa kubana kifua, kwa kuwa inapandisha mapigo na presha. Kuhusu majeraha ya kichwa, tulifundishwa zamani kwamba ni mwiko. Tafiti za baadaye hazikuunga mkono woga huo, na kijana wa ajali mwenye jeraha la kichwa na paja lililovunjika siku hizi nampa. Ile nusu dozi niliyoikataza, aliyepoteza damu nyingi ndiye ninayempa, dripu ikikimbia, kwani mwili uliochoka kabisa unaweza kuanguka presha hata kwa ketamini.

Propofoli

Nyeupe kama maziwa, inafanya kazi ndani ya sekunde 30 hadi 60, inakwisha kwa dakika 5 hadi 10. Kwa kazi fupi inayotaka misuli ilegee, kama bega lililokaza, nyonga iliyotoka, au kushtua moyo kwa umeme, hakuna inayoifikia. Lakini haiondoi maumivu hata kidogo, inashusha presha, na inaweza kukata pumzi kabla hujarudisha bomba kwenye trei. Haina dawa ya kuirudisha nyuma. Dawa yake ni mfuko wa Ambu na mikono yako. Kwa hiyo huwa siitoi ninapokuwa na mtu mmoja tu anayejua kupumulia.

Mtu mzima mwenye afya naanza na miligramu 0.5 kwa kilo, nikihitaji zaidi hadi 1, halafu naongeza robo au nusu ya miligramu kwa kilo. Mzee naanzia nusu ya hiyo na kusubiri muda mrefu zaidi, maana damu yake inatembea polepole na dawa inachelewa kufika. Ukikosa subira ukaongeza, zote mbili zinafika pamoja. Dawa ya maumivu itangulie. Na kwa sababu imetengenezwa kwa mafuta ya soya na kiini cha yai, wadudu wanaipenda: ampuli iliyofunguliwa asubuhi usiitunze kwa ajili ya jioni.

Wapo wanaochanganya ketamini na propofoli kwenye bomba moja. Mimi nikizitumia zote mbili naziweka kwenye mabomba mawili, nianze na ketamini kidogo kwa maumivu, kisha propofoli kwa kulegeza. Nikiona presha inashuka najua ni ipi ya kusimamisha.

Midazolamu, diazepamu, na ule mchanganyiko wa mazoea

Midazolamu inatuliza woga na kufuta kumbukumbu, haiondoi maumivu. Inafaa pale ambapo hakuna maumivu: mtoto anayetakiwa kutulia kwenye mashine ya CT, ambako ketamini inaweza kumfanya ajinyonganyonge mwili picha ikaharibika. Ampuli zake nazo zina mtego uleule: ipo ya miligramu 5 ndani ya mililita 5, na ipo ya miligramu 15 ndani ya mililita 3. Hii kali naipunguza mpaka miligramu 1 kwa mililita. Mtu mzima miligramu 1 au 2, subiri dakika 3 hadi 5 umtazame, ndipo uongeze.

Diazepamu miligramu 10 na pethidini miligramu 100, zote kwa mkupuo, ni mazoea niliyoyakuta sehemu nyingi na ninayapinga kwa nguvu zangu zote. Diazepamu inabaki mwilini kwa siku kadhaa, inachoma mshipa, na ukiichoma msulini hujui itaingia lini. Pethidini inaongeza kukata pumzi. Hatari kubwa inakuja baada ya kazi kwisha. Wakati mnavuta mfupa, uchungu wenyewe unamwamsha na kumfanya apumue. Bega likirudi, uchungu unakatika, dawa bado imejaa kwenye damu, na kila mtu ameshageuka kwenda kunawa mikono. Hapo ndipo anapoacha kupumua, kimya, akiwa anaonekana amepumzika vizuri. Kama huna kingine, toa moja, dozi ndogo, uongeze kwa awamu, na usimwache.

Fentanili ni bora kuliko pethidini kwa kazi hii, maikrogramu 1 kwa kilo taratibu, inaanza kwa dakika 2 au 3. Ikiungana na midazolamu, punguza zote mbili. Naloksoni, inayorudisha nyuma fentanili na pethidini, iwe imevutwa, ikae pembeni. Ukiitumia, au ukitumia flumazenili inayorudisha nyuma midazolamu na diazepamu, mgonjwa abaki chini ya macho yenu angalau saa 2 zaidi, kwa sababu dawa ya kurudisha inaweza kuisha kabla ya ile iliyomlaza. Flumazenili usimpe mwenye kifafa au anayemeza diazepamu kila siku, utamletea degedege.

Mlevi aliyechanika usoni namshona kwa ganzi na maneno ya upole. Pombe tayari ni dawa ya usingizi ambayo dozi yake huijui.

Mpaka aende nyumbani

Yule mtu wa pili abaki hadi mgonjwa ajibu jina lake, akae mwenyewe, anywe maji bila kutapika, na atembee kama alivyokuwa akitembea. Mtoto alazwe ubavu mpaka azinduke kabisa. Aondoke na mtu mzima, na mwenye bodaboda asiiguse pikipiki mpaka kesho yake. Mwambie yeye na umwambie aliyekuja kumchukua, maana yeye atasahau.

Kwenye faili andika uzito, dawa, dozi kwa miligramu (si kwa mililita), saa ya kila sindano, oksijeni ya chini kabisa aliyofikia, na kama alitapika au alihangaika. Bega lililoteguka mara moja huteguka tena, na atakayempokea safari ijayo ataanzia kwenye karatasi hiyo.